Kobe Aliyeachwa na Mwizi

Katika miaka yake ishirini na miwili ya kukaa kaunta, Sajini alikuwa ameshaandika malalamiko ya kila namna: kuku aliyekwenda kwa jirani akageuka supu, mume aliyeaga anakwenda kununua sabuni akarudi baada ya miaka miwili, hata seti ya meno ya bandia iliyoibwa ndani ya glasi yake. Lakini la Jumatano ile lilimfanya Sajini, mama wa watu, aweke kalamu chini.

"Hebu rudia, mzee wangu."

"Nimeibiwa kobe," alisema mzee aliyesimama mbele yake, suti imenyooka, tai shingoni, mkono mmoja umeshika tumbo kama mtu aliyetoka kupasuliwa. "Na mwizi ameniachia kobe mwingine."

Kwenye benchi askari wawili walitazamana. Mmoja alikimbilia nje kukohoa, na kikohozi chenyewe kilikuwa na kicheko ndani.

"Mwizi amechukua kobe, akakuachia kobe?"

"Ndiyo. Jike kwa jike, rangi ile ile, ukubwa karibu ule ule. Lakini siye."

"Sasa mzee, huyo ni mwizi au ni mtu wa kubadilishana?"

Mzee hakucheka. Alijieleza kwa mpangilio: yeye ni fundi cherehani mstaafu, mjane, anafuga na kuzalisha kobe nyumbani kwake kwa miaka thelathini na saba. Alipasuliwa henia, kidonda kikaleta maneno, akalazwa wiki tatu. Amerudi nyumbani siku nane zilizopita. Kobe aliyeibwa anaitwa Bi Taratibu, na alikuwa wa marehemu mkewe. Alikuja naye siku ya ndoa, ndani ya kapu la nguo.

"Binti yangu anasema nasahau," aliendelea. "Ni mkunga, kwa hiyo akisema, watu wanaamini. Keshokutwa Ijumaa napelekwa kwa daktari wa watu wanaosahau. Daktari akikubali, nyumba inafungwa, kobe wanagawiwa watu, mimi nahamia kwake kukaa chumba cha nyuma na kutazama ukuta. Sikatai, Sajini. Kama kweli akili imeanza kuniaga, nitakwenda. Lakini kwanza nataka mtu mwenye macho yake aniambie: yule kobe ni wangu, au si wangu?"

Sajini alichukua tena kalamu, akaandika saa, akachukua kofia yake. Yule askari aliyekuwa anakohoa alipoona anatoka, kikohozi kilimpona hapo hapo.

Nyumba ya Fundi ilikuwa ya vyumba vitatu, safi mpaka unaona aibu kukanyaga. Mlango ulifunguliwa na binti yake, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, amejifunga aproni, macho yana wekundu wa kukosa usingizi.

"Afande, tusamehe kwa usumbufu," alisema kwa sauti ya chini. "Baba siku hizi ndivyo alivyo. Juzi katia chumvi kwenye chai."

"Kopo la sukari ulilihamisha wewe!" mzee alidakia kutoka nyuma. "Miaka kumi na tano sukari inakaa kushoto, chumvi kulia. Umekuja umenipangia jiko upya kama duka, halafu unasema nasahau!"

Sajini aliandika kwenye daftari lake: *Sukari kushoto*. Halafu akaomba kuonyeshwa mahali pa tukio.

Ua wa nyuma ulikuwa na upana wa vyumba viwili hivi, nusu majani, nusu udongo mtupu, umezungushiwa ukuta mfupi wa matofali yaliyopangwa tu bila saruji. Kulikuwa na beseni bapa la maji na kibanda kifupi cha mbao chenye paa la bati. Kobe dume aitwaye Bwana Haraka alikuwa anashughulikia jani la kabichi kwa bidii ya mtu aliyechelewa kazini. Chini ya kibanda alijikunyata kobe wa pili.

Mzee alitoa mkasi mfukoni mwa koti. Ulikuwa mkasi wa fundi, mkubwa, mweusi mpini. Akakata nao hewani mara mbili, kacha, kacha.

Bwana Haraka aligeuza shingo. Yule wa pili aliingiza kichwa ndani.

"Umeona?" mzee alisema. "Mkasi huu ndio ninaowakatia majani. Bi Taratibu akiusikia anakuja kama ameitwa kwa jina, miaka yote hiyo. Huyu anaukimbia."

"Kobe nao wanabadilika, Baba," binti alisema. "Umekaa mbali wiki tatu."

Sajini alikunja suruali ya sare, akachuchumaa, akanyoosha mikono.

"Afande, usimnyanyue!" Binti alikuwa ameshafika katikati yao. "Akitishika atakojoa maji yote aliyonayo mwilini, na jua hili kali. Kobe anaweza kuugua kwa hilo."

Sajini alimtazama mzee. Mzee alitikisa kichwa kukubali, kwa shingo upande: hilo lilikuwa kweli.

"Na wewe mzee, tangu urudi umemnyanyua?"

"Nimekatazwa kubeba kitu kizito. Hata ndoo ya maji nabebewa."

Basi Sajini aliuzunguka ua polepole. Chini ya ukuta wa nyuma tofali moja lilikuwa limekaa tofauti na wenzake, limeshindiliwa vigingi viwili vipya. Mbele yake, upande wa ndani wa ua, kulikuwa na kichuguu kidogo cha udongo uliokauka.

"Hapa pana nini?"

"Mbwa wa jirani alichimba," alijibu binti. "Nikaziba."

"Mbwa wa nje?"

"Wa nje, ndiyo."

Sajini aliandika tena. Kisha alisimama pale akikitazama kile kichuguu muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Unamshuku nani?" alimwuliza mzee walipokuwa wawili.

"Mwoka mikate, huyo wa nyuma ya ukuta. Mwaka mzima ananisumbua nimpe Bi Taratibu amweke bustanini, eti wateja watafurahi. Nikakataa. Tangu hapo hata salamu zake zimekuwa za kulazimishwa."

Mwoka mikate alikuwa bonge la mtu, unga mpaka kwenye nyusi. Jasho lilikuwa linamtiririka, jambo ambalo Sajini hakulitilia maanani, kwa sababu mbele ya tanuri kila mtu ni mtuhumiwa.

"Kobe?" alisema. "Afande, mimi na yule mzee hatupikiki chungu kimoja, hilo sifichi. Lakini kuiba kobe! Mimi nikija kuiba nitaiba kitu chenye mbio, angalau nipate sababu ya kukimbia."

"Ulimtaka sana."

"Nilimtaka, akaninyima, nikanuna. Kununa si kosa. Nikague! Fungua mapipa yote ya unga. Nina shida zangu, na huo ukaguzi bora ungewafanyia panya."

"Panya gani?"

Hapo mwoka mikate akapata msikilizaji. Alimshika Sajini mkono mpaka kwenye kibustani chake, ambako maboga yalitambaa kuelekea ukuta wa Fundi.

"Tazama majani yangu! Mwezi mzima huu yanaliwa. Na kule nyuma ya tanuri, kwenye kuni, nasikia wanakwaruza kutwa nzima. Nimetega mitego mitatu. Hata mkia sijanasa."

Sajini aliinama. Majani ya juu yalikuwa mazima, mabichi, yanameremeta. Yaliyoliwa ni yale ya chini tu, yanayogusa ardhi, na kila pengo lilikuwa nusu duara iliyokatika safi.

"Panya wako wafupi sana," alisema, akachuma jani moja, akalibana ndani ya daftari.

"Ndiyo hao hao, wajanja!"

Aliporudi, alimkuta mzee ameketi mbele ya cherehani yake ya zamani, ingawa haikuwa na kitambaa. Binti alikuwa mlangoni, anafuta sahani iliyokwisha kukauka.

"Mzee, una kitu chochote cha kumtambulisha Bi Taratibu? Picha?"

"Picha ya nini? Mimi ni fundi. Ninazo pateni zake."

Na akaeleza kwa fahari. Kila mwaka, mwezi ule ule, kila kobe wake hukalishwa juu ya karatasi ya kaki, akachorwa kwa penseli kuzunguka gamba, kama mtu anavyokata pateni, karatasi ya kipimo cha shati. Kisha anageuzwa taratibu, na mistari ya gamba la tumboni, ambayo yeye huiita mishono, inanakiliwa mmoja mmoja kwa kupimwa na futi kamba. Gamba hukua, ila mishono haihami. Kobe wawili hawashonwi sawa.

"Nimeziomba tangu nirudi," alimalizia. "Sizioni."

"Zilikuwa na vumbi," binti alisema kwa haraka. "Nimezipandisha juu ya kabati. Na Baba hawezi kupanda, ndiyo maana..."

Sajini alikuwa ameshavuta stuli. Alishuka na bunda la karatasi lililofungwa kwa uzi mweusi, akalifungua mezani, akatoa ile ya juu kabisa iliyoandikwa jina la Bi Taratibu na mwaka uliopita.

"Sasa dada, mzee amekatazwa kubeba, na mimi sijui kushika. Kamlete wewe."

Binti aliweka sahani chini. Alitoka, akarudi amemshika kobe kwa mikono miwili, gamba limelala sawa kama sinia lenye maji, vidole vimetegemeza miguu ya nyuma. Si kila mtu anajua kumbeba hivyo. Alimweka juu ya karatasi.

Mchoro ulimzidi kila upande. Mabegani kobe alipungukiwa na upana wa kidole kizima.

"Nguo ya mtu mwingine," alisema mzee kwa sauti ndogo.

"Mgeuze kidogo," Sajini alimwambia binti.

Gamba la tumbo lilionekana. Vigamba vilipangika viwili viwili kutoka shingoni mpaka mkiani, na hapo mkiani, katikati, palikuwa na kimoja cha ziada, kidogo, cha mviringo.

"Bi Taratibu hana hicho," mzee alisema. Alivaa miwani. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kumgusa kobe, kisha mikono yake ikaanza kupekua lile bunda, karatasi baada ya karatasi, mpaka akafika chini kabisa. Alitoa kipande kisichozidi kiganja. Juu yake kulikuwa na mchoro wa kobe mchanga, mishono yake, na kiduara kimoja pale mkiani.

Sajini alisoma maandishi ya pembeni kwa sauti. "'Kishikizo. Ametoka yai la tatu la Bi Taratibu. Kapewa binti yangu siku ya harusi yake, aanze nyumba na kiumbe mvumilivu.'"

Sajini aliiweka karatasi mezani mbele ya binti. Binti alimteremsha Kishikizo sakafuni pole pole, na alipoinuka uso wote ulikuwa umelowa.

"Sema, dada," Sajini alisema. "Mficha uchi hazai. Wewe mkunga, hilo unalijua kuliko mimi."

"Siku ya nne baada ya Baba kulazwa nilifagia ua. Nikaliondoa lile tofali ili nitoe takataka. Sikulirudisha. Nilikaa zamu mbili hospitalini nikimwuguza, narudi, nakuta ua una tundu na Bi Taratibu hayupo. Nilimtafuta siku tano, afande. Mitaroni, majalalani, kila mahali. Nikapanda basi kwenda kwangu, nikamleta Kishikizo." Alijifuta kwa aproni. "Alikuwa kobe wa Mama! Nikuambie vipi, Baba, una dripu mkononi, kwamba nimempoteza kobe wa Mama? Nikasema, apone kwanza. Ukarudi, hujavua hata viatu, ukasema huyu siye. Nilishtuka, nikasema unasahau. Lilinitoka tu, hivi hivi. Kesho yake shangazi kajua, kaka kapiga simu, kaka katafuta daktari, na kila mmoja anasema, mkunga kasema, mkunga anajua. Nikashindwa kulirudisha mdomoni."

Mzee alivua miwani.

"Kwa hiyo sisahau."

"Husahau, Baba."

"Sema tena."

"Husahau chochote."

"Siku nane," alisema. "Kila asubuhi nikiamka najisomea majina ya wateja wangu wa zamani, mmoja mmoja, na vipimo vya viuno vyao, nione kama bado ninavyo. Nilikuwa navyo vyote. Nikasema, labda ndivyo inavyoanza, unavikumbuka vyote huku umekwisha." Alimgeukia bintiye. "Ningekuchapa, ila nimekatazwa kunyanyua kitu kizito."

Binti alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akapiga magoti akamshika miguu. Mzee aliweka mkono juu ya kichwa chake. Hasira ilikuwapo, mtu yeyote angeiona, lakini mkono haukuondoka.

Sajini aligonga meza kwa kalamu.

"Adhabu mtapangiana wenyewe. Mimi mali yangu haijapatikana. Mzee, huwa unawapima uzito?"

"Kila mwezi, kwa mizani ya jikoni." Aliinuka kufuata daftari. "Mwezi wa mwisho kabla sijalazwa aliongezeka gramu mia mbili na hamsini, na alikuwa amegoma kula. Nilijua ana mayai. Nilikuwa nimwandalie mahali, kesho yake tumbo langu likanilaza."

"Kobe mwenye mayai hutaka nini?"

"Udongo mkavu wenye joto. Asipoupata atautafuta, hata kama ni kupita chini ya ukuta. Na mwaka huu niliumwagilia ua sana, ulikuwa baridi."

"Lile tundu halikuchimbwa na mbwa wa nje," Sajini alisema. "Wa nje angerushia udongo nje. Udongo umerundikana ndani. Mchimbaji alikuwa ndani, akitoka." Alilitoa lile jani la boga kwenye daftari. "Na kuna mtu jirani anayesumbuliwa na panya wafupi."

Mzee alilipokea jani, akapitisha kidole kwenye ile nusu duara.

"Panya? Huu ni mdomo wa kobe."

Nyuma ya tanuri la mwoka mikate palikuwa na uchochoro mwembamba, kuni upande mmoja, ukuta wa tanuri upande mwingine, na udongo wake ulikuwa vuguvugu ukiugusa kwa kiganja. Mwoka mikate alifika na fimbo, tayari kwa panya. Sajini alimpokonya.

Mzee alitoa mkasi.

Kacha, kacha.

Kimya. Binti alikuwa ameuma aproni kwa meno.

Kacha, kacha.

Chini ya kuni kitu kilikwaruza. Kikatulia, kikakwaruza tena, na baada ya muda ambao ungemtosha mtu kunywa chai, kichwa kikongwe chenye makunyanzi kilijitokeza, kikafuatwa na gamba lililopakaa majivu na unga. Bi Taratibu alitembea moja kwa moja mpaka kwenye kiatu cha Fundi, akasimama, akainua shingo kungojea majani yake.

"Lo!" alisema mwoka mikate. "Panya wangu!"

Mzee hakuweza kuinama. Alibaki amesimama pale na mkasi mkononi, machozi yanadondokea tai. "Mama wee," alikuwa anasema. "Umekonda, mama wee."

Mayai walikuta yamefukiwa hatua moja kutoka hapo. Kwa kuwa lori la kuni lilikuwa linakuja kesho yake kumwaga mzigo pale pale, ilibidi yahamishwe. Mzee alipapasa mifuko, akatoa kipande cha chaki ya fundi, akampa bintiye.

"Fukua kwa vidole. Ukiliona yai, usiliguse. Tia alama juu kwanza, ndipo ulitoe, na alama ibaki juu njia nzima mpaka kwenye sanduku langu la kutotoleshea kule nyumbani. Kilichomo ndani kimeshajishika upande wa juu. Ukiligeuza, umekiua."

"Fanya wewe, Baba. Mimi nimeshaharibu vya kutosha."

"Mikono yangu inatetemeka. Yako imezalisha nusu ya mji huu. Fukua."

Alifukua. Mayai yalikuwa matano, meupe, ya mviringo. Kila moja lilipata alama ya chaki, na kila moja alilibeba mwenyewe, hatua kwa hatua, kupitia jikoni kwa mwoka mikate hadi kwa Fundi, bila kumruhusu mtu amsemeshe njiani. Mwoka mikate alitangulia akifungua milango.

"Miezi minne au zaidi," mzee alisema alipofunika sanduku na kuwasha taa yake. "Utakuja kila Jumamosi kuangalia joto. Hiyo ndiyo adhabu. Yakitotolewa, mmoja ni wa mwoka mikate, aache kununa."

Kabla ya kituo kubadilisha zamu, mzee, bintiye na Sajini walikuwa kaunta. Sajini alifunga jalada kwa mwandiko wake wa kulala upande: kobe mmoja jike amepatikana hai nyuma ya tanuri, pamoja na mayai matano, hakuna mtuhumiwa. Alimgeuzia mzee asaini.

Mzee alisoma, akarudisha.

"Umeacha moja."

"Lipi?"

"Lile nililokuja nalo asubuhi."

Sajini alimtazama, akavuta kalamu, akaongeza mstari mmoja chini. Alinakili yote kwenye karatasi nyingine, akaigonga muhuri kwa nguvu mpaka askari wa kwenye benchi akaruka. Mzee hakuipokea. Alimwonyesha bintiye kwa kidevu.

"Usome huo wa mwisho. Na Ijumaa utaupeleka wewe kwa kaka yako na huyo daktari wake."

Binti alisafisha koo. "'Mlalamikaji ana akili timamu.'"

"Tena. Huyu kijana mwenye kikohozi hakusikia."

"'Mlalamikaji ana akili timamu,'" alisoma kwa nguvu.

Mzee aliichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa koti, mle mle penye mkasi. Akampa binti mkono amsaidie kushuka ngazi.

"Haya, twende nyumbani," alisema. "Na sukari uirudishe kushoto."